Jino la kupandwa: tangu 1965, swali ni lile lile, nani atalipa?

Mwaka 1965 Wakongomani wengi wanaukumbuka juu ya siasa. Tarehe 24 Novemba Mobutu alichukua utawala huko Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Lakini mwaka ule ule, mbali na Kongo, yalitokea mambo mengine mawili ambayo redio za hapa hazikuyapigia kelele. Moja lilitokea Sweden, lingine Marekani. Leo yanamgusa kila mtu aliyepoteza jino na anayetaka kulirudisha.

Huko Göteborg, Sweden, daktari Per-Ingvar Brånemark alimpokea Gösta Larsson, mwanaume aliyezaliwa na taya lenye kasoro na asiyekuwa na meno. Brånemark alimpandia vyuma vine vya titani ndani ya mfupa wa taya la chini, kisha meno yakafungwa juu yake. Wazo hilo lilitoka kwa sungura. Katika miaka ya 1950 daktari huyo alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mifupa, na alitia vyombo vidogo vya titani katika miguu ya sungura. Alipotaka kuvitoa, vilikataa: mfupa ulikuwa umeshikamana na chuma.

Waganga wengi wa meno hawakumwamini. Ilibidi kungoja mkutano wa Toronto, Kanada, mwaka 1982, ndipo wataalamu wa Amerika wakakubali kazi yake. Larsson alifariki mwaka 2006, na vyuma vyake vilikuwa vingali vinafanya kazi baada ya miaka zaidi ya 40. Kwa hiyo, upande wa uganga, swali lilipata jibu. Upande wa feza, mambo yalikwenda njia nyingine.

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia sahihi sheria ya Medicare, bima ya serkali kwa wazee wa miaka 65 na zaidi. Ilikuwa furaha kubwa, kwani wazee wengi hawakuwa na njia ya kulipa hospitali. Lakini ndani ya sheria hiyo meno yaliachwa nje: kuyatibu, kuyaziba, kuyang'oa na kuyarudishia, vyote mzee ajilipie. Ndiyo kusema mwaka ambao Brånemark alimpandia Larsson vyuma vya titani ndio mwaka ambao bima moja kubwa ya dunia iliyafungia meno mlango.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Uingereza ilianzisha matibabu ya bure kwa wote mwaka 1948, meno bandia yakiwemo. Watu walijaa kwa waganga wa meno, wengi wakiwa wameteseka miaka bila msaada, na gharama ikapita hesabu. Mwaka 1951 serkali iliamua watu walipe sehemu ya bei ya meno bandia na ya miwani. Aneurin Bevan, waziri aliyekuwa ameanzisha mpango ule, alijiuzulu. Kwake, kuomba malipo ni kuvunja ahadi.

Bima inasimama juu ya hesabu moja: watu wengi walipe kidogo, wachache waugue, na wale wachache wasaidiwe. Kwa meno hesabu hiyo inavurugika, kwani karibu kila mtu ataugua jino siku moja. Tena yule mwenye feza ndogo anaweza kungoja, au kung'olewa kwa bei nafuu. Na aliyeng'olewa anaonekana amepona, hata kama hawezi tena kutafuna nyama au kuimba katika kwaya bila kuficha mdomo.

Inchi chache zilitafuta njia ya katikati. Sweden ilianzisha bima ya meno mwaka 1974. Tangu 2008, gharama ikipita kiwango fulani serkali inabeba nusu, na ikipanda zaidi inabeba asilimia 85 ya sehemu inayozidi, kwa bei iliyopangwa. Ujerumani, tangu 2005, mfuko wa bima unatoa kiasi maalum kwa pengo la jino. Mgonjwa akichagua la kupandwa anapata kiasi kile kile cha tiba ya kawaida, na inayobaki analipa mwenyewe. Anayeonyesha kwamba alipimwa meno kila mwaka anaongezewa. Hata Ufaransa, ambako Wakongomani wengi wanaishi, mpango wa meno bila malipo ya mgonjwa umechukua aina fulani za kofia za meno, madaraja na meno ya kutoa na kurudisha, lakini la kupandwa halimo.

Na Kongo? Katanga ilijua bima kabla ya kuiita bima. Mfanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alitibiwa na jamaa yake katika hospitali za kampuni. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa 2003 na 2004, ulinzi huo uliondoka pamoja na mshahara. Sheria ya kazi ya 2002 ingali inamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi na jamaa yake. Lakini dereva wa moto, mama wa soko na mchimbaji wa mkono hawana mwajiri.

Kwa watu kama hao njia nyingine ilianza mwaka 1986 huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa inchi. Wakulima walilipa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, na mwanachama akilazwa hospitalini mutueli ilibeba sehemu kubwa ya malipo. Mwaka 2017 mutueli zilipata sheria yao, na Septemba 2023 uzazi wa bure ulianza Kinshasa. Mpangilio huo unaeleweka: mama anayejifungua na mtoto mwenye malaria hawawezi kungoja. Jino linaweza kungoja, kwa hiyo linangoja.

Ndiyo maana kijana wa moto aliyeanguka na kuvunja meno mawili ya mbele anarudi kwenye kasha la wakubwa wake. Kuna likelemba, ambamo kila mmoja anapokea kwa zamu. Kuna AVEC, mfumo uliozaliwa Maradi, Niger, mwaka 1991, wenye akiba ya kila juma, mkopo mdogo na mfuko wa dharura. Kuna pia kupatana na mganga kulipa kwa vipande, kwani kazi yenyewe inakwenda kwa vipande: chuma kinapandwa kwanza, mfupa unapewa miezi ya kushikamana, kisha jino linawekwa juu.

Historia hii inaachia msomaji maswali ya kuuliza kabla ya kutoa franga hata moja. Je, bei iliyotajwa ni ya chuma tu, ao pamoja na jino la juu na picha za taya? Chuma kikikataa kushikamana, nani atarudilia kazi? Karatasi ya mutueli ao ya mwajiri inasema nini juu ya meno: kung'oa tu, ao na kurudishia? Je, meno ya kutoa na kurudisha ao daraja havitoshi kwa sasa?

Na kwa viongozi wa mutueli kuna moja: ikiwa Ujerumani inaweza kutoa kiasi kidogo kinachojulikana, na kumzawadia anayepima meno kila mwaka, mutueli ya Kongo inashindwa kuanza hata na kiasi cha kuziba jino moja? Jino lililozibwa mapema si rahisi lidai kupandiwa lingine.