Kura ya Asiyejua Kusoma

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mtu akisema "wasiosoma wasipige kura," naona kama ananisema mimi. Brazil walijaribu hiyo kitu. Sheria ya 1881 ilitaka mpiga kura mpya awe anajua kusoma na kuandika, na katiba ya 1891 ikawafungia wengine nje kabisa. Watumwa waliachwa huru 1888, lakini shule hawakujengewa. Mlango wa kura ulikuja kufunguliwa 1985.

Hata hapo, kumchagua mbunge ulilazimika kuandika jina au nambari yake kwenye karatasi. Sasa asiyejua kuandika angefanyaje? Kura nyingi ziliharibika. Mashine zikaanza 1996, na kufikia 2000 zilikuwa nchi nzima: unabonyeza nambari, picha ya mgombea inatokea, ukiridhika unabonyeza kitufe cha kijani. Basi.

Leo kupiga kura ni lazima kuanzia miaka 18 hadi 70, lakini asiyejua kusoma anajiamulia. Poa. Ila kugombea kiti bado haruhusiwi. Katiba inamwamini achague, haimwamini achaguliwe. Hapo ndipo mimi nakwama.