Muziki Usio na Maneno katika Picha za Sinema

Wako watu wasemao ya kuwa muziki usio na maneno hausemi neno. Lakini sisi tukaao Mpanda twajua sivyo. Ngoma ikilia ng'ambo ya bonde, hata kabla hatujasikia wimbo, tumekwisha kujua kama ni ya arusi au ya matanga. Jambo hilo watengenezaji wa sinema walilitambua mapema, na habari zake zaigusa nchi yetu.

Hapo kwanza picha za sinema zilikuwa bubu. Huko Ulaya na Marekani mtu aliketi karibu na pazia akipiga piano, ili watazamaji waone furaha au hofu pasipo kuambiwa. Tangu mwaka 1927 sauti ilianza kuenea katika picha zenyewe, nao watunzi wakapewa kazi ya kuupima muziki kwa picha. Hapa Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, kazi iliyokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ilitoa picha 35 za kuwafundisha Waafrika. Sauti zake zilitiwa katika sahani za santuri, zikachezwa pamoja na picha.

Mwaka 1950 ikatoka picha ya Kimarekani iitwayo King Solomon's Mines, ambayo sehemu zake zilipigwa huku Afrika ya Mashariki. Wenyewe hawakutia muziki wa bendi kubwa kama ilivyokuwa desturi, bali ngoma na nyimbo za Waafrika tu.

Lakini iliyojulikana zaidi ni Hatari!, yenye jina la Kiswahili. Mkubwa wake, Howard Hawks, aliipiga karibu na Arusha kabla ya uhuru wa mwaka 1961, ikaonyeshwa mwaka 1962. Hawks alirudi kwao na vyombo vya Kiafrika: vibuyu vya kutikisa, maganda marefu yenye mbegu ndani, na marimba ya kupigwa kwa vidole gumba. Akampa mtunzi Henry Mancini, naye akavitumia katika muziki wa picha hiyo.

Basi palikuwa na kipande ambacho Hawks hakujua akifanyie nini: mwanamke awaongoza ndovu wachanga watatu kwenda majini kuoga. Hakuna hatari humo wala maneno mengi. Mancini akazitazama hatua zao, akaona zaenda kwa mwendo wa boogie-woogie, muziki wa watu weusi wa Marekani. Akatunga wimbo wa vyombo vitupu, sauti yake nyembamba ya kuchekesha juu, na mwendo mzito chini. Kwa mpango wa wimbo huo alipata tuzo ya Grammy mwaka 1963, na kipande kile ndicho watu wengi wakikumbukacho.

Sisi tuwaonao ndovu wa Katavi wakiteremka mtoni Katuma wakati wa kiangazi twaweza kushuhudia kwamba Mancini alitazama vema. Ndovu mchanga huenda vivyo hivyo, mzito na mwenye mzaha. Wala tusistaajabu kwamba mwendo wa ndovu wa Tanganyika ulifaa kwa muziki uliozaliwa na wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa ng'ambo.

Hata hivyo liko jambo la kufikiri. Jina la Mancini limeandikwa, nalo halitapotea. Lakini fundi wa marimba kijijini, Mpimbwe au Mbende au Mkonongo, akifa, mara nyingi hufa na nyimbo zake. Yeye naye aliupima muziki kwa mambo ayaonayo: mwendo wa mchukuzi, kilio cha ndege, mvua juu ya majani. Hakukosa ustadi, alikosa mwandishi.

Basi, sisi tujuao kalamu tusiwaachie wageni kazi hii. Tumwendee mzee apigaye, tumwombe apige, tunyamaze tusikilize mpaka mwisho. Kisha tuandike jina lake, jina la chombo chake, na jambo ambalo wimbo wake walieleza pasipo neno hata moja.