Nadhiri ya Utii

Mwaka 1977 Sista Jeannine Gramick na Padre Robert Nugent walianzisha nchini Marekani New Ways Ministry, huduma kwa Wakatoliki wanaovutiwa na watu wa jinsia yao. Mwaka 1999 Vatikani, kwa hati iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, iliwakataza daima kuendelea nayo. Padre alitii, hata akafariki mwaka 2014. Sista, alipoagizwa na shirika lake anyamaze, alikataa, akahamia kwa Masista wa Loretto. Zingatia: hakuuacha utawa. Wote wawili walikuwa wameweka nadhiri ya utii. Usiharakishe kumwita mmoja shujaa na mwenziwe mwoga. Oktoba 2023 Papa Fransisko alimpokea Sista huyo Vatikani, naye akiwa na miaka 81.