Twiga wa Babu na Siri ya Jina Kariokor

Wasee, stori ya leo inaanza na twiga. Si wa Nairobi National Park. Huyu ni wa mbao, shingo imepinda kidogo upande wa kushoto, na kama mnaangalia video zangu mmeshamwona. Ni yule husimama kwa rafu nyuma yangu.

Wiki mbili zilizopita niliweka video nikizunguka soko la Kariokor, nikionyesha viondo, akala za ngozi, shanga na vinyago. Watu wakaipenda. Lakini kuna komenti moja ilinikalia kooni kama mfupa wa omena. Jamaa aliandika: "Hizo ni vitu za wazungu. Hakuna babu wa mtu alikuwa na twiga wa mbao kwa nyumba. Wacheni kutuuzia utamaduni feki."

Ilipata likes kuliko video yenyewe, manze.

Ningemjibu palepale, lakini ukweli ni kwamba hiyo swali mimi mwenyewe nimewahi kujiuliza. Babu yangu alichonga twiga huko Gikomba karibu maisha yake yote, na hakuwahi kuweka hata mmoja sebuleni. Kwa hivyo nimechukua muda, nikasoma, nikauliza wazee. Hii ndio jibu. Ni ndefu, kaa chini.

Tuanze na jina. Wangapi kati yenu mmeshuka stage ya Kariokor mkala choma, mkanunua akala, na hamjawahi kujiuliza Kariokor ni lugha gani? Mimi nilidhani ni Kikuyu. Msee mwingine wa Ziwani aliniapia ni Kiluo. Ukweli ni Kiingereza kilichotafunwa: Carrier Corps. Kikosi cha wapagazi.

Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana huko Ulaya, na vita vikafika hadi huku, kwa sababu Kenya ilikuwa ya Mwingereza na Tanganyika ilikuwa ya Mjerumani. Barabara za lori hazikuwepo za maana, na ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa ndorobo. Nani abebe risasi, unga na mizinga? Mwafrika, kwa kichwa. Machifu wakaambiwa watoe vijana. Mwaka 1917 ndio ilikuwa mbaya zaidi, vijana wakisombwa vijijini kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara, malaria, baridi, njaa, na unga ambao haukuiva. Na wale waliokufa bila jamaa zao kupatikana, mshahara wao haukulipwa kamwe. Serikali ilikaa nayo.

Kambi yao Nairobi ilikuwa hapo tu. Vita vikaisha, jina likabaki. Dar es Salaam nao wana Kariakoo, neno ni lile lile, kidonda ni kile kile. Na ukipita Kenyatta Avenue kuna sanamu ya shaba ya wanaume watatu, iko hapo tangu 1928. Mmoja wao hajashika bunduki kama askari. Huyo ni mpagazi. Sisi husimama hapo tukingoja mtu atoke kazini na hatumjui.

Sasa shika hapo, kwa sababu twiga anaingia hivi.

Kati ya vijana waliopelekwa Tanganyika kulikuwa na Mkamba mmoja wa Wamunyu, upande wa Machakos, anaitwa Mutisya Munge. Kumbuka Wakamba hawakuwa wageni wa mbao. Walikuwa wanachonga vigoda vya miguu mitatu na kuvipamba kwa waya mwembamba hadi vinameremeta, pamoja na fimbo, mizinga ya nyuki na visanduku vya ugoro. Lakini hizo zilikuwa vitu za kutumia. Huko Tanganyika Mutisya alikutana na watu waliokuwa wanachonga sanamu za binadamu na kuziuza. Akaangalia, akajifunza. Vita vilipoisha akarudi Wamunyu na mikono yake mizima, ambayo kwa mpagazi wa wakati ule ilikuwa bahati kubwa, na akaanza kuchonga za kuuza.

Familia ikajifunza, majirani wakajifunza. Kufikia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wanajeshi wa kigeni wakiwa wamejaa Nairobi wanataka kitu cha kutumia mama nyumbani, Wamunyu ilikuwa na mzigo tayari. Baadaye wakaja watalii. Wakamba wakapanga vinyago kwa pavementi za mjini, wakafika Mombasa, wakavuka hadi nchi za jirani. Mwaka 1963, ule mwaka tulipata uhuru, wachongaji wa Mombasa walianzisha chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft, kule Changamwe. Na Nairobi wakajenga makao yao Gikomba, kando ya Pumwani, mwendo wa miguu tu kutoka Kariokor.

Umeona hiyo duara? Kijana anatolewa kwao kwa nguvu kubeba mizigo ya vita ya watu wengine. Anarudi na ufundi. Na miaka mingi baadaye wajukuu wa ufundi huo wanapiga tezo mahali ambapo ukitupa jiwe linaangukia kambi ya wale wapagazi. Halafu mtu anakuja kwa komenti kuniambia hakuna historia hapo.

Babu yangu hakuwa Mutisya, wacha nisijipendekeze. Alikuwa tu mmoja wa mamia. Alikuja kutoka ukambani miaka ya sitini akiwa na jina la binamu yake kwa karatasi na nauli ya kuja tu, bila ya kurudi. Binamu akamkalisha chini ya kibanda Gikomba, akampa kipande cha muhugu. Kama hujawahi kunusa muhugu, ni mbao inanukia vizuri, na zamani ilitoka hata Karura na Ngong, hizi misitu mnaenda kupigia picha.

Nikiwa mdogo, likizo nilikuwa napelekwa kwake asubuhi. Kazi yangu ilikuwa msasa. Babu anakata umbo kwa tezo, mzee mwingine anamalizia macho na masikio kwa kisu, mimi na watoto wengine tunasugua hadi vidole vinachanika. Halafu mafuta, halafu kiwi. Ndio, kiwi ya viatu. Wacha niwapatie siri ya mtaa: hiyo "mpingo" nyeusi umenunulia shangazi yako, kuna nafasi nzuri ni mbao nyeupe imepakwa kiwi nyeusi. Kwaruza chini ya mguu kwa ukucha utaona.

Kwa hivyo jamaa wa komenti, hapa nakupa pointi moja. Ni kweli. Hakuna Mkamba wa zamani alikuwa na twiga wa mbao kwa nyumba. Twiga alichongwa kwa sababu mgeni alimtaka. Wasomi wana hata jina lake, sanaa ya uwanja wa ndege, na wakisema hivyo huwa wamekunja pua.

Lakini sasa nikuulize wewe. Ni nini hapo sokoni ni "asili" kwa kipimo chako?

Shanga za Kimaasai? Zile za glasi zilikuja na misafara ya biashara kutoka ng'ambo, na hadi leo zile nzuri zinatoka Jamhuri ya Cheki. Wamaasai walizichukua wakazipa maana zao, rangi hii ni hivi, rangi ile ni vile, hadi leo ukiona shanga unajua ni Mmaasai. Kiondo cha mkonge? Mkonge asili yake ni Mexico, kule karibu na hiyo Karibea mnaona kwa reels za watu wa meli. Ulifika Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani anaitwa Hindorf. Kabla ya hapo akina susu walisokota nyuzi za magome ya miti. Walipoona mkonge ni mrefu na ni mweupe, wakahamia huko, na kiondo kikabaki kiondo.

Na tukichelewa kusema kitu ni chetu, wengine hawachelewi. Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza ilitaka neno "kikoy" lisajiliwe kama alama yake ya biashara. Kikoi! Ile babu za Pwani wanafunga kiunoni. Ilibidi Wakenya wapinge ndio ombi lianguke.

Utamaduni si jiwe la makumbusho, ni mikono inayofanya kazi. Mutisya aliona kitu kwa watu wengine akaleta nyumbani, kama vile sisi tulichukua rap ya Marekani tukafanya genge hapa Eastlands. Hakuna mtu huambia genge ni feki. Basi twiga amekosea wapi?

Sasa nikuambie venye naona ufeki uko. Uko kwa bei na kwa jina.

Nikiwa chuo mwaka wa pili, kabla niache kwa sababu ya karo (hiyo stori mnaijua, sirudii), niliingia duka moja la zawadi, jina naliacha. Nikaona twiga. Nikamgeuza, nikaona alama ya msasa chini ya kwato, ile ya haraka haraka ya vijana wa Gikomba. Namjua twiga wa Gikomba kama vile mama anajua kikohozi cha mtoto wake. Bei ilikuwa 4,500. Nikampigia babu simu nikamuuliza, hiyo saizi wewe huuza ngapi kwa mtu wa jumla? Akaniambia 300, akiwa na bahati 350. Nikanyamaza. Yeye akacheka tu, akaniuliza kama nimekula.

Na kwenye ile twiga kulikuwa na kikaratasi kizuri kimefungwa kwa uzi. Kimeandikwa kimetengenezwa kwa mkono Kenya. Mkono wa nani? Hakuna. Mchoraji wa kule Westlands akiuza picha, jina liko kwa kona. Babu yangu alichonga zaidi ya miaka arobaini na hakuna kipande hata kimoja duniani kina jina lake. Wale wapagazi nao, wengi wao hakuna hata kaburi lenye jina. Hiyo ndio duara nyingine, na hii si tamu.

Mbao nazo zikaisha. Muhugu na mpingo ni miti ya kukua polepole sana, na kinyago kimoja ni dakika kwa maisha ya mti. Wachongaji wa Pwani wengi wakahamia mwarobaini, ambao hukua haraka. Babu hakuupenda, alisema unapasuka ukikauka vibaya. Lakini aliuchonga. Akaniambia, mti ukikataa unabadilisha mkono, huwezi kubadilisha mti.

Alituacha mwaka juzi. Twiga wa shingo ya kupinda ndiye wa mwisho kutoka kwa mikono yake. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti, tezo ikateleza, na yule mnunuzi wa jumla akamkataa. Babu alitaka kumtupa kwa kuni, nikamwomba. Kwa hivyo jamaa wa komenti, ulikosea kitu kimoja. Ulisema hakuna babu alikuwa na twiga wa mbao kwa nyumba. Wangu sasa yuko naye, kwa nyumba yangu ya bedsitter, Shauri Moyo.

Sisemi mkimbie wote mkanunue vinyago. Najua pesa ni ngumu, mimi pia ni noodles mpaka tarehe mosi. Lakini ukienda Kariokor ama Maasai Market, ama ukipeleka mgeni wako, fanya vitu mbili. Kwanza, usimbanie mzee wa watu hadi shilingi ya mwisho halafu uende kununua kahawa ya mia nne bila kuuliza. Pili, muulize jina. Si la duka, la aliyechonga. Kama muuzaji hajui, mwambie aulize, atakupata wiki ijayo.

Mimi nimeanza. Jumamosi iliyopita nilikaa Gikomba nikizungumza na wazee saba, na video zao zitatoka moja moja, jina kamili, kijiji, alifunzwa na nani. Wa kwanza alinikatalia mara mbili, akisema hajawahi kuona maana ya jina lake kuandikwa. Mara ya tatu akachukua kalamu yangu, akainua twiga aliyekuwa amemaliza, akamgeuza, na akaandika chini ya kwato polepole, herufi kubwa. Halafu akaniambia bei ya huyo imepanda.

Nikalipa.