Batumbula: Hadithi ya Makambini na Historia ya Kazi katika Katanga

Katika masimulizi ya wazee waliokulia katika makambi ya wafanyakazi ya Katanga, limo jina moja lililowatia hofu hata watu wazima: mutumbula, wingi wake batumbula. Yasimuliwa kwamba watu hao walivizia wapita njia usiku, wakawakamata na kuwapeleka kwa Mzungu. Huko mateka walifungiwa na kulishwa mpaka wakanenepa na kupoteza usemi. Hatimaye wakachinjwa na kuliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hadithi hiyo si upuuzi wa watu wasiosoma, bali ni ushahidi wa historia ya kazi.

Tuanze na jina lenyewe. Kitenzi kutumbula ni ndugu wa tumbua ya Kiswahili sanifu, yaani kupasua. Kiambishi ba- nacho, katika Kiswahili cha Katanga, hushika nafasi ya wa-. Basi adui wa hadithi hii si zimwi wala mnyama wa porini, ni mtu. Tena ni mtu mweusi anayemtumikia Mzungu. Kambi iliyowajua kapita na askari wake ilikuwa na sababu ya kusimulia hivyo.

Pili, tutazame mazingira. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilianza kuwaweka kwa mkataba wa miaka mitatu, pamoja na wake na watoto wao. Iliwapa nyumba, matibabu na posho, kwa kuwa mwili wenye afya huleta kazi nyingi zaidi.

Vita Vikuu vya Pili vilizidisha mzigo. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na tarehe 9 askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika uwanjani Élisabethville; wengi waliuawa. Mwaka 1942, siku za kazi ya lazima vijijini ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 habari za batumbula zilivuma sana.

Huenda msomaji akapinga kwamba hadithi za namna hii zilikuwako kwingineko pia. Ni kweli: Rhodesia ya Kaskazini walikuwako banyama, na Afrika Mashariki mumiani na wazimamoto, na wafanyakazi walivuka mipaka pamoja na hadithi zao. Lakini mumiani na wazimamoto hutafuta damu. Mutumbula wa Katanga hutafuta nyama ya mtu aliyelishwa kwanza. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo haikutokea bure. Mtu aliyepokea unga wake kwa kampuni alijiuliza analishwa kwa faida ya nani, na hadithi ikampa jibu.

Je, tufanye nini na masimulizi hayo? Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikazaa Gécamines. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wanaokumbuka posho ya kambi wamezeeka, na kila mwaka twawazika. Wanafunzi wetu wengi ni wajukuu wao. Tunawasihi wayaandike maneno ya wazee jinsi yanavyotamkwa, bila kuyasahihisha yafanane na Kiswahili sanifu. André Yav aliandika historia ya Élisabethville mwaka 1965 kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, na maandishi hayo, yaliyochapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, yanasomwa leo kwa sababu hakuna aliyeyanyoosha. Nyaraka za kampuni zitatuambia ni magunia mangapi ya unga yaliyogawanywa. Aliyeula unga huo alifikiri nini, tutalijua kwa kumwuliza mzee angali hai.