Fungu la Mlangoni: Filamu na Faida Yake

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ni biashara chache zilizouthibitisha usemi huo kama sinema. Watazamaji huijua filamu kwa sura yake ya nje: nyota, nyimbo, mapigano na mapenzi. Ni wachache waulizao, fedha ya tikiti iliyokatwa mlangoni ilikwenda kwa nani? Insha hii yakusudia kuifuata fedha hiyo, maana filamu yaweza kupendwa na maelfu, na aliyeitunga akalala njaa.

Tuanzie Paris. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao zinazokwenda katika chumba cha chini cha mkahawa ulioitwa Grand Café. Baba yao, Antoine, ndiye aliyekitafuta chumba hicho. Inasimuliwa kwamba mwenye mkahawa alipewa hiari: apokee asilimia 20 ya mapato, au alipwe kodi ya faranga 30 kwa siku. Yeye, akidhani mchezo ule hautadumu, alichagua kodi. Siku ya kwanza walilipa watu 33 tu, kila mmoja faranga 1. Ukiitoa kodi, zilibaki faranga 3. Siku hiyo mwenye mkahawa alionekana ana busara. Lakini hazikupita wiki nyingi kabla umati haujaanza kusongamana mlangoni pake, naye amebaki na faranga zake 30 zilezile.

Kisa hicho chatufunza jambo ambalo ni msingi wa biashara yote ya filamu. Kuna fedha ya mkupuo, ambayo ni ya hakika lakini haikui. Na kuna fungu la mapato, ambalo hukua au hufa pamoja na filamu yenyewe.

Watengenezaji nao walichelewa kulitambua jambo hilo. Hapo awali filamu iliuzwa kwa mita, mithili ya kitambaa dukani. Mwenye ukumbi akishainunua, aliionyesha mpaka ikachakaa, na aliyeitengeneza hakupata hata senti zaidi. Mwaka 1907 kampuni ya Pathé ya Ufaransa iliamua kukodisha filamu zake badala ya kuziuza. Tangu hapo filamu ikawa kama shamba: mwenyewe haliuzi, bali huchukua haki yake kila yanapovunwa mazao.

Hata hivyo, kutoka shambani hadi ghalani kuna mikono mingi. Mwenye jumba la sinema hukata fungu lake kwanza. Kisha msambazaji huchukua ujira wake, akarudisha na gharama za nakala na matangazo. Baada yake hulipwa mkopo uliotengenezea filamu, pamoja na riba. Kinachosalia ndicho kiitwacho faida. Basi mtunzi au mwigizaji aliyeahidiwa sehemu ya faida, wala si sehemu ya mapato, husimama mwisho wa foleni. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mfano mashuhuri ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 1988, Coming to America, iliyohusu mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyekwenda kutafuta mchumba New York. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani. Mwandishi Art Buchwald, aliyekuwa ameiuzia kampuni ya Paramount wazo ambalo mahakama iliamua kuwa ndilo chimbuko la filamu hiyo, aliambiwa kuwa kwa hesabu za kampuni faida haikupatikana. Mwaka 1990 mahakama ya California ilitamka kuwa baadhi ya masharti ya mkataba huo yalikuwa ya dhuluma iliyopita kiasi. Fungu alikuwa nalo. Daftari lilikuwa mikononi mwa mwingine.

Yampatayo mtu mmoja huweza kulipata taifa zima. Baada ya uhuru, kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, ndizo zilizoshika usambazaji wa filamu katika nchi nyingi za Afrika Magharibi. Mwafrika alilipa mlangoni, na fedha ikavuka bahari. Mwaka 1970 nchi ya Volta ya Juu, iitwayo Burkina Faso tangu 1984, ilitaifisha majumba yake ya sinema. Kampuni hizo zikaacha kuipelekea filamu, lakini serikali haikurudi nyuma. Sehemu ya fedha ya kila tikiti ilitengwa ili kusaidia utengenezaji wa filamu za wananchi, na mwaka 1972 ikapatikana filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo, Le Sang des parias, ya Mamadou Djim Kola. Nchi maskini ilijenga sanaa yake kwa fungu la mlangoni.

Nasi Tanzania tulikuwa na milango iliyojaa watu. Majumba kama Empress na Avalon ya Dar es Salaam, na Majestic ya Unguja, yalifurika watazamaji, lakini filamu zilikuwa za India, Marekani na kwingineko. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 ili nasi tuushike usambazaji na kutengeneza filamu zetu. Miaka ya 2000, majumba mengi yakiwa yamekwisha kufungwa, vijana wetu walitengeneza filamu nyingi za Kiswahili zilizouzwa kwa kanda na baadaye kwa diski. Watazamaji walizipenda. Lakini wengi wa watengenezaji hao waliwauzia wasambazaji haki zao zote kwa fedha ya mkupuo, na wezi wa nakala wakajichumia kilichosalia, ijapokuwa Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu 1999. Walichagua, au walilazimika kuchagua, zile faranga 30 za mwenye mkahawa.

Tofauti ni kwamba yeye alichagua kwa kudharau, nao walichagua kwa shida. Mwenye njaa hawezi kungoja msimu. Kwa hiyo haitoshi kuwahimiza wasanii wawe na subira. Yapasa wawe na mkataba wanaouelewa, sheria inayowalinda na daftari wanaloruhusiwa kulifungua. Kijana anayejifunza leo kushika kamera na ajifunze pia kusoma hesabu, ili siku watu watakapojaa mlangoni, naye awe na fungu lake.