Usomaji wa Bure na Mauzo ya Vitabu vya Kiswahili: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Iyunga, Mbeya

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza iwapo usomaji wa bure mtandaoni unasaidia au unadhuru mauzo ya waandishi wa Kiswahili nchini Tanzania. Suala hili hujadiliwa mara nyingi kana kwamba lilizaliwa na intaneti. Hoja ya makala hii ni kwamba suala lenyewe ni kongwe, na kwamba historia ya usomaji nchini inalitolea majibu mawili tofauti. Kitabu kinachosomwa kwa hiari hunufaika na usomaji wa bure endapo msomaji ana njia ya kumfikia mwandishi na kumlipa. Kitabu kinachosomwa kwa lazima, hususan kwa ajili ya mtihani, huumizwa nao.

Iyunga, kata iliyomo katika Jiji la Mbeya, ni mahali mwafaka pa kuutazamia mjadala huu. Ni eneo la wanafunzi, na jiji lake limeunganishwa na Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Zambia na kwa reli ya TAZARA. Hata hivyo, liko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, waliko wachapishaji wengi. Hapa kiu ya kusoma ipo. Duka la vitabu vya fasihi ndilo adimu.

2.0 Gazeti la mmoja, wasomaji wengi

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi, hadithi na barua za wasomaji. Nakala moja ilinunuliwa na mtu mmoja, ikasomwa na jamaa na majirani, na mara nyingine ikasomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Kwa wengi wa watu hao usomaji ulikuwa wa bure. Mashairi ya Shaaban Robert yalisomwa humo kabla ya vitabu vyake kuenea, na jina lake likajulikana kwa watu ambao hawakuwahi kununua kitabu. Gazeti halikumwondolea wanunuzi, lilimtengenezea.

Utaratibu huo ulijirudia katika zama za magazeti binafsi. Eric Shigongo alitoa hadithi zake kwa sehemu katika magazeti ya Global Publishers, kisha hadithi hizo zikauzwa kama vitabu. Ikumbukwe kwamba mwandishi huyu alikuwa pia mmiliki wa kampuni. Sehemu ya hadithi iliuza gazeti, gazeti likatangaza kitabu, na mapato ya vyote viwili yakarudi sehemu moja. Mwandishi asiye na gazeti hana faida hiyo.

3.0 Bure kwa msomaji, si bure kwa mnunuzi

Sheria ya mwaka 1963 iliunda Shirika la Huduma za Maktaba Tanganyika. Wakati huo wasomaji walikuwa wachache: kufikia mwaka 1967, takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Maktaba na kampeni za elimu ya watu wazima ziliongeza idadi ya wasomaji, yaani ziliandaa soko ambalo mwandishi peke yake asingeweza kuliandaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991. Kwa utaratibu wake wa awali, mchapishaji alichapa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa; mradi ukanunua 3,000 na kuzigawa shuleni, naye akabaki na 2,000 za kuuza. Mtoto alisoma bila kulipa, lakini mauzo yalikwisha kufanyika. Hapa ndipo fundisho kuu lilipo: neno "bure" humhusu msomaji tu. Swali la kihistoria ni nani alilipa kwa niaba yake.

4.0 Mtandao: nani analipa?

Mtandaoni, mara nyingi jibu ni hakuna. Tuchukue mwanafunzi wa kidato cha nne Iyunga anayetakiwa kusoma Takadini au Watoto wa Mama N'tilie. Anahitaji matini hiyo hiyo, kwa mtihani huo huo. Akiipata kwenye simu, au akapata uhakiki wake tu, haja yake imekwisha. Hana sababu ya kutafuta nakala halali. Nakala ya bure haimtangazii kitabu, bali inachukua nafasi ya kitabu. Kabla ya simu, mashine ya kutolea kopi ilifanya kazi hiyo hiyo, ingawa kwa gharama na kwa mwendo wa polepole. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inakataza unakilishaji huo usio na ridhaa, lakini sheria peke yake haileti kitabu Mbeya.

Hali ni tofauti kwa riwaya ya mapenzi au ya upelelezi. Waandishi chipukizi huweka sura za mwanzo kwenye Facebook au makundi ya WhatsApp, kisha humtaka msomaji alipie zinazofuata kwa pesa za simu, huduma iliyoenea nchini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008. Huu ni utaratibu wa gazeti uliorudi kwa umbo jipya, na kwa mara ya kwanza mwandishi asiye na kampuni anaweza kulipwa na msomaji aliyeko Iyunga bila kupitia duka lolote.

5.0 Hitimisho

Usomaji wa bure, kwa hiyo, si rafiki wala adui wa mwandishi kwa asili yake. Umemfaa ulipomjengea jina na kumwachia mlango wa malipo, au pale mradi wa umma ulipolipa mapema. Umemdhuru ulipomaliza haja ya msomaji bila yeyote kulipa. Kwa vitabu vya hiari, waandishi waachiwe uhuru wa kutoa sehemu bure. Kwa vitabu teule vya shule, ununuzi wa pamoja kwa ajili ya maktaba za shule, kwa mfano wa mradi wa 1991, ungemlinda mwandishi zaidi ya makatazo, na ungemfikishia mwanafunzi wa Iyunga kitabu chenyewe badala ya uhakiki wake.